Moja Inafuata Nini

Benchi letu liko kati ya banda la fundi viatu na chumba cha kinyozi. Miguu yake mitatu ni ya mbao, wa nne ni tofali. Mama Mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, anauza kahawa hapo, nami naosha vikombe tangu mama alipofariki na shule ikaishia hapo. Mama Mkubwa hakujaliwa mtoto. Mumewe alimrudisha kwao kwa sababu hiyo, na mtaa una neno lake, ambalo pale benchini halitamkwi.

Jana fundi viatu, tunayemwita Gundi, alikuja na swali la shuleni la binti yake: je, 999,983 ni namba tasa? Alisoma mpaka kwenye “namba”, akakohoa, akamtazama Mama Mkubwa aliyekuwa anapepea mkaa. Kisha akasema ni ile namba isiyotaka watu.

Kinyozi, jina lake Profesa kwa kuwa hajawahi kusema hajui, alikataa palepale.

— Namba nene hivyo ikose wa kuigawa? Tajiri hakosi wajomba.

— Nimejaribu mbili, tatu, tano. Kwa saba zimebaki tano.

— Umefanya papara. Haraka haraka hujaza kibaba.

Wakaijaribu kwa kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, wakiandika kwa mkaa juu ya kipande cha boksi. Kila mara kulikuwa na baki. Ndipo Profesa akagundua kwamba zamani namba hiyo ilikuwa milioni kamili, yenye jamaa tele, mpaka kumi na saba walipohama nyumba. Gundi akasema hawakuhama, walifukuzwa, na aliyefukuza ndiye sasa analala peke yake. Wakabishana kana kwamba wanawasema majirani.

Mama Mkubwa alimimina tu. Mimi nilikuwa naomba lile neno lisitoke.

Likatoka. Mgeni mmoja aliyekuwa akisubiri kiatu chake, mguu mmoja ukiwa na soksi tu, alisema kwa upole:

— Si mseme tu ni namba tasa?

Gundi akainamia kiatu. Profesa akaanza kusoma bango la bei zake mwenyewe. Mama Mkubwa akanigeukia mimi.

— Mwanangu, namba nayo inakuwaje tasa?

— Haigawanyiki, Mama. Ila kwa yenyewe na kwa moja.

— Kumbe moja inaigawa?

— Ndiyo.

— Ikishaigawa, inabaki ngapi?

— Inabaki vilevile.

Akafikiri, kitambaa cha birika mkononi.

— Sasa hiyo moja inafuata nini kwake?

Gundi hakuinua kichwa. Mgeni akatazama soksi yake. Profesa akanyoosha kikombe, nadhani ili tu mkono wake upate kazi, na Mama Mkubwa akainamisha birika. Yakatoka machicha matupu ya kahawa.

Wakaondoka mmoja mmoja, wakiaga kama wanavyoaga kila siku.

Somo la namba tasa ndilo la mwisho nililosoma. Mwalimu alisema kesho yake angetueleza zina kazi gani. Nilisuuza vikombe, nikavifunika, nikaenda kukaa upande wa tofali, karibu na Mama Mkubwa.