Kura za Watu Arobaini na Mmoja

Sogeeni, wanangu, na anayetaka kulia alie kimya kimya, maana sauti niliyobaki nayo ni ndogo na siwezi kushindana na kilio. Wewe Fundi, mwanangu wa kwanza, usikae. Simama hapo mlangoni na vumbi lako la saruji, nitakutuma sasa hivi. Nesi, binti yangu, niachie mkono. Hayo mapigo hayataongezeka kwa kuhesabiwa. Na wewe kitindamimba wangu, unayeanza kazi Jumatatu kwenye meza ileile niliyokalia miaka thelathini na moja pale halmashauri, kaa nikuone, kwa sababu maneno haya ni ya wote lakini mzigo wake unaelekea kwako.

Mali yangu haina hadithi ndefu. Kiwanja cha nyuma ni cha Fundi. Cherehani, kabati na vyombo vyote ni vya Nesi. Nyumba hii ni ya kitindamimba kama tulivyokubaliana, ila asishike ufunguo kabla sijamaliza kusema.

Mnalikumbuka korongo lilivyokuwa kabla ya daraja. Watoto walivuka kwa gogo kwenda shule, wagonjwa walibebwa mgongoni kwenda zahanati, na mvua kubwa ya mwaka ule ikamchukua mtoto wa jirani yetu wa ukuta mmoja, akapatikana siku ya tatu akiwa bado amebana mkoba wake kwapani. Ndipo halmashauri ikaanzisha miradi ya kuchangiwa na wananchi: wakazi wanapendekeza wanachotaka, kinatangazwa mtandaoni na kwenye ubao wa ofisi, mwenye simu anachanga kwa simu, asiye na simu anajaza fomu kwa karani, yaani kwangu. Sharti lilikuwa moja. Halmashauri ilikuwa haitazami ukubwa wa mchango, ilitazama idadi ya watu. Wakifika wakazi mia tatu, hata kama kila mmoja ametoa sarafu, yenyewe inamalizia gharama iliyobaki. Na kila aliyechanga anakuwa na kura katika mradi unaofuata.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba mpaka viatu vikaisha visigino. Watu walinicheka. "Halmashauri nayo imeanza kuombaomba? Kodi zetu mnakula na nini?" Mwenye duka la kona akanivuta pembeni: "Karani, usijichoshe, niandike mimi mara hamsini tumalize." Nikamwambia, "Baba, wewe ni mnene lakini si watu hamsini." Tulicheka wote, lakini siku ya mwisho nilikuwa na watu mia mbili hamsini na tisa, na ofisi inafungwa saa kumi.

Wa mwisho niliyemwendea alikuwa jirani yetu, mama wa yule mtoto. Alifuta mikono kwenye khanga, akaitazama fomu, akasema, "Mimi siweki jina langu mahali ambapo sioni mwisho wake." Nilimwita mchawi. Miaka sita nimepita mlangoni kwake bila salamu. Mkimaliza shughuli zangu mwendeeni, mkamwambie nimekufa nikijua kwamba yeye ndiye aliyekuwa na akili.

Maana nilirudi ofisini, nikafungua kabati, na humo, chini ya majalada, kilikuwepo kitabu cha makaburi, kwa kuwa karani wa miradi na karani wa mazishi alikuwa mtu mmoja. Nikachagua watu arobaini na mmoja ambao hawakubakiza ndugu wa kuuliza. Nikawajazia fomu, nikawatolea sarafu mfukoni mwangu, nikawawekea sahihi. Wanangu, niliona nawapa heshima. Nilijiambia, maiti atapungukiwa na nini akimsaidia mtoto kuvuka?

Daraja likajengwa, mnalipita kila siku. Ulipofika wakati wa kupigia kura mradi wa pili, wa kujenga njia, karatasi za wale arobaini na mmoja nilizifungia kwenye saraka ya meza yangu zikiwa tupu. Siku ya kuhesabu, mchana, ukumbi umejaa, mwenyekiti akafungua sanduku. Njia ya kwenda sokoni, kura arobaini. Njia ya shule, thelathini na nane. Halafu akaanza kusoma zile za pendekezo lingine: "Njia itoke makaburini, ipite darajani, ifike nyumbani kwa karani." Akasoma ya pili, hivyohivyo. Mpaka ya arobaini na moja. Ukumbi ulipiga makofi na vigelegele. "Karani, umependwa!" Nilienda mezani kana kwamba nashukuru, nikazitazama. Mwandiko ulikuwa wangu. Nikakimbilia saraka, kufuli lilikuwa salama, na ndani hakukuwa na kitu.

Sikusema. Ningesema, daraja lingebomolewa na mimi ningefungwa. Nikanyamaza, na Fundi akapata kazi ya kujenga hiyo njia, akafurahi, nami sikuwa na mdomo wa kumkataza.

Fundi, waambie wenzako uliyonificha, ingawa nilikusikia ukimsimulia kibarua wako. Kila asubuhi mchanga ulioulaza jioni unaukuta na nyayo za miguu mitupu, zote zimeelekea huku, hakuna hata moja iliyogeuka. Ulisema ni watoto watundu. Watoto gani wasiorudi kwao? Mimi hapa dirishani, jua likiwa utosini na njia haina mtu, nawasikia wakija mpaka slabu ya zege ya mwisho iliyolazwa, wanasimama. Mwanzoni walisimama mbali, penye mfereji. Sasa wako kwenye ua wa jirani. Nawasikia wakivuta pumzi, wanangu, na wao hawana pumzi.

Umesimamisha kazi ukasema kelele zitaniumiza. Zimebaki slabu tatu, umeziegemeza ukutani. Mwanangu, hawakuandika jina langu kwenye zile kura. Waliandika karani. Nikifa njia haijafika, Jumatatu karani ni mwingine, na nyumba ni yake, na mlango atakaofungua ni huu. Hana hata miaka ishirini. Nenda kazilaze. Usinijibu, nenda! Mama yako hajawahi kukutuma kitu mara mbili.

Nesi, chini ya mto wangu kuna barua kwa mwenyekiti, nimeandika yote. Ipeleke nikishazikwa. Mwombe daraja lisiguswe. Tafuteni watu arobaini na mmoja wazima, waje kwa miguu yao, wajaze nafasi za wale, ili wale wafutwe wapumzike. Na wewe, mtoto wangu wa mwisho, usiandike jina la mtu yeyote ambaye hajasimama mbele yako akakutajia mwenyewe, hata kama jambo ni jema, hata kama ofisi inafungwa.

Hiyo ni nyundo ya mpira ya Fundi. Slabu moja imelala.

Nyoosheni mikono niishike. Muishi pamoja. Mshibe bila kunyang'anya. Mlale bila kushtuka. Mzae wanaowasikiliza kuliko... kuliko mnavyonisikiliza mimi, ha. Nimewaridhia wote watatu, sina kinyongo hata na punje moja.

Ya pili.

Fungueni mlango wa mbele, uwe wazi kabisa. Nyinyi tokeni kwa mlango wa jikoni, na Fundi akimaliza asipite humu. Tokeni. Nesi, mshike mdogo wako... mvute... jamani, mtoeni...

Ya tatu.

Karibuni. Ndiyo, kiza kidogo humu... mtazoea. Pole kwa kusimama. Mmoja mmoja...

Hapana. Huyo siye. Huyo anatoka, mwacheni apite, ni mwanangu wa mwisho.

Geukeni huku. Karani ni mimi.