Booze Kanisani

Natangaza rasmi kwamba juzi, ndani ya basi la mjini Hull, Uingereza, mimi Crispin Ollerton, mwanafunzi mwenye adabu, nilikuwa nimelala. Yaani macho yalilala, masikio yalikesha.

Mbele yangu Bi Thackray, mwenye kofia nyeusi, alimlalamikia mzee asiyemjua. "Leo namzika kaka yangu. Aliniusia niseme kanisani kwamba alipenda booze, yaani pombe. Kasisi anasema hilo ni neno la kihuni, la walevi."

"La kihuni? Mama yangu, hilo ni babu wa maneno!" alifoka mzee, baharia mstaafu. "Waholanzi walilitumia kwa kunywa kupita kiasi. Likavuka bahari likatufikia, miaka mia sita na ushei iliyopita!"

Nikapigwa na butwaa. Neno ambalo nikilitamka nafungiwa bwenini Jumamosi nzima, kumbe limezika wafalme!

"Hata kama ni babu," Bi Thackray akanong'ona, "naogopa kulitamka mbele ya jeneza."

Basi likasimama mbele ya kanisa. Akanigeukia ghafla. "Na wewe unayejikoromesha, ungekuwa mimi ungelisema?"

Nikakiri: nimesikia yote, na kituo cha shule tumekipita zamani.