Mama Gracieuse na Vilio vya Uongo Bandarini

Tarehe 31 Julai 2025, Mama Gracieuse Mauwa anaacha kazi ya duane, ya kutoza ushuru, hapa bandari ya Kalemie, baada ya miaka thelathini na moja. Sita kati ya hiyo aliifanyia mbali, Kongolo, na hakuiomba. Karatasi iliyomupeleka huko ingali ndani ya faili yake: inasema alitukana wafiwa. Ni uongo. Najua, maana alama ya kidole changu iko chini yake. Mimi ni Mwavita, ninayefagia biro hii, ofisi ya duane. Ninasema, karani Mélanie anaandika, na nimemukataza kupamba.

Alikuja 1994, mwembamba kama ufito, kukagua sisi wanawake wachuuzi tulioshuka kwenye boti za Kigoma. Wanaume wa duane hawakuweza kutugusa, na sisi tulijua kuvaa vitenge nane chini ya kimoja. Hilo lilipojulikana tukavaa nguo za kilio. Nani atamupekua mujane? Askari waliinamisha vichwa, na sigara zikapita zimefungwa tumboni mwetu.

Gracieuse hakupekua. Alikaa karibu na mufiwa, akalia naye kwa kweli, akauliza marehemu ni nani na kilio kiko wapi. Saa kumi alifika huko na unga wa kusaidia. Asiye na marehemu aliona haya, na safari ya pili akalipa ushuru. Mimi nilimutaja mume wangu Idriss. Alipofika, alimukuta marehemu mulangoni anakula samaki.

“Mama, unaleta pole kwa nani?” Idriss akauliza.

“Kwako, Papa. Unakula vizuri kwa muntu aliyezikwa asubuhi.”

Mutaa muzima ulicheka. Idriss hakugusa chakula changu siku tatu.

Lakini Gracieuse alijua kuaibisha watu hakumalizi magendo. Alisema mwenye balo moja tu la bidhaa anakwepa duane kwa sababu hajui anadaiwa nini, tena anaombwa pesa mara tano njiani. Basi kila Jumatatu alipanda juu ya kreti, akasoma viwango vya ushuru kwa sauti, kwa Kiswahili, hata sisi tusiojua kusoma tukavikariri. Akawasumbua wakubwa mpaka wakakubali: dirisha moja, risiti moja, na aliye nayo asiombwe tena. Njo hapo boti ziliacha kushushia mizigo kwa siri Zongwe, mbali na duane.

Sisi kumi na mmoja wenye vilio vya uongo tulibaki na kinyongo. Mwaka 2009 tukamushitaki. Hakuna aliyetudanganya: karatasi ilisomwa mbele yetu mara mbili, tukaweka vidole. Akahamishwa. Akiwa Kongolo mama yake akafa kwao Mpala. Treni haikupita wiki mbili. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshaanza kuota majani. Yule tuliyesema anatukana wafiwa, sisi tulimunyima kilio chake mwenyewe.

Na bandarini? Hakuna aliyepanda kreti. Boti zikarudi Zongwe, zikaleta dawa za malaria zilizopita muda. Nilinunua, nikamunywesha mujukuu wangu Leila. Homa ilikaa naye siku tano. Amepona, lakini sikio moja halisikii mpaka leo.

Alirudi 2015, akaanza tena kusoma viwango vyake. Aliposikia habari ya Leila, akaniombea kazi hii ya kufagia. Karatasi hakuitaja. Miaka kumi nimekunywa chai yake asubuhi bila kumuomba musamaha. Hilo linaniuma kuliko karatasi yenyewe.

Wiki iliyopita nilimuomba mukubwa wa biro aitoe karatasi ile. Akasema kwenye faili hakutolewi kitu, kunaongezwa tu. Basi tumeongeza. Kati ya kumi na mmoja tumebaki saba, na leo asubuhi wote saba tumesema ukweli, ukaandikwa, ukapigwa muhuri. Mama Gracieuse ameisoma karatasi hiyo mupya, akaikunja, akarudi kwenye kazi yake. Ana haki.

Asante, Mama. Nenda Mpala, ulale hata boti ikipiga honi, uzeeke na magoti yenye nguvu. Ukitaka kutusamehe, usiharakishe. Ukikataa, tutakuja kukuamkia vilevile.