Karatasi Alizoziomba Dada Pelagia

Baba Paroko, wanajumuiya, ndugu mliotoka Mpanda mjini na nyie majirani wa hapa Usevya, mimi ni Melkior Lyamba, mdogo wake marehemu, nasoma kwa niaba ya familia, na niseme mapema kwamba mkikuta kosa la tarehe mnisamehe, kwa kuwa aliyekuwa akizijua tarehe zote ndiye huyu tuliyemlaza hapa mbele.

Marehemu Pelagia Lyamba alizaliwa hapa Usevya tarehe 14 Oktoba 1958, mtoto wa tatu wa mzee Gaudensi Lyamba na mama Tereza, akasoma shule ya msingi hapa hapa kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, akachaguliwa kwenda sekondari mkoani Tabora, msichana peke yake kutoka kijijini mwaka ule, akamaliza mwaka 1977, akapata cheti cha ukutubi, na tarehe 2 Machi 1981 akaajiriwa kwenye maktaba ya chuo kikuu kimoja Dar es Salaam, ambacho mwenyewe alikiita chuo tu, nami nitakiita hivyo. Alifunga ndoa na shemeji yetu Alex tarehe 9 Agosti 1986, wakajaliwa mtoto mmoja, Faith, huyo aliyejifunga kanga ya mama yake, na shemeji akatutoka mwaka 2003.

Mwaka 1996 chuo kilitoa kitabu cha historia yake, kinene kweli, na ndani yake wanawake walikuwa kwenye picha moja tu, wamesimama watano, chini imeandikwa wanafunzi wakiwa bustanini, basi. Dada aliwajua wote watano, mmoja alikuwa mwanamke wa kwanza kufundisha hisabati pale, mwingine hakuwa mwanafunzi kabisa, alikuwa mpishi wa bweni, na alipouliza mafaili yao yako wapi akajibiwa kwamba yalichomwa ofisi ilipohama.

Ndipo akagundua kwamba maisha ya wanawake wale yaliandikwa mahali pamoja tu, kwenye karatasi kama hii niliyoishika, ambayo inasomwa mara moja msibani, msomaji anaikunja, anaitia mfukoni mwa koti, na koti linafuliwa. Akaanza kwenda kwenye misiba yao, ya walimu, wapiga chapa, wafagizi na waliosoma pale, anamenya vitunguu na wenzake, anasubiri mpaka watu watoke makaburini, halafu anamfuata msomaji na kumwomba ile karatasi, na kuna misiba miwili alifukuzwa, wakidhani anatafuta mirathi. Kwa miaka ishirini na miwili alikusanya karatasi mia mbili na kumi na moja, akakiandikia chuo barua nne kuomba chumba cha kuzitunza, akaambiwa asubiri kamati, na alipostaafu Oktoba 2018 alikuwa bado anasubiri, akaja nazo Misunkumilo, pale Mpanda, alikopanga, ndani ya maboksi saba.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2023, na Aprili mwaka huu wa 2025 nikamchukua kwangu pamoja na maboksi yake, nikayapanga stoo juu ya kichanja. Faith aliniambia, mjomba, tuyapeleke Mpanda tukatoe kopi, nikamjibu tukimaliza kuvuna. Mwezi Juni mpunga ukaingia, mwingi kuliko mwaka wowote, na kila mtu hapa anajua gunia haliwekwi chini, basi nikayashusha maboksi sakafuni, nikapandisha magunia, na jamani, sikufikiria mara mbili.

Tarehe 19 Agosti aliomba aletewe boksi moja, nikaliinua likaja jepesi, ndani ni udongo mtupu, mchwa walikuwa wamemaliza yote saba, na tulichookoa ni vipande vitatu, kimoja kina jina bila habari, viwili vina habari bila jina. Nilimweleza mwenyewe nikiwa nimepiga magoti kando ya kitanda, hakunigombeza wala hakulia, aliuliza tu kama mpunga umepona. Nilimwambia umepona, akageukia ukutani, na tangu siku hiyo hakuzungumzia tena wale wanawake, akafariki Jumanne tarehe 11 Novemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 67.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Padre na jumuiya yetu, majirani mliochota maji na kupika tangu juzi, na wafanyakazi wenzake wa zamani waliopiga simu kutoka Dar es Salaam, ambao hawakuweza kufika kwa kuwa safari ni ndefu na wenyewe ni wazee. Nimewauliza kama kuna anayekumbuka hata majina, mmoja amekumbuka sita.

Karatasi hii ni nakala moja, nimeiandika kwa mkono, na kila nilipomwangalia mtu hapa nilikuwa natafuta atakayenifuata baadaye kuniomba, sijamwona, na leo nimevaa koti.

Wali mtakaokula hapo nje ni wa mpunga ule ule. Dada Pelagia, pumzika kwa amani, mpunga ulipona.