Kona za Kavingu

Siku ya Jumamosi, salongo ikiisha, benchi ya Mama Berthe huko Bulengera hujaa kabla jua halijakausha umande. Salongo ni kazi ya wote: kila nyumba inatoa mtu mmoja na chombo kimoja, wanazibua mifereji, wanafyeka kando ya barabara, kisha majembe yanaegemezwa kwenye ukuta wa ligablo, kile kiduka cha mbao, na Mama Berthe anamimina kahawa aliyoikaanga mwenyewe, yenye tangawizi. Benchi ni ya watu watatu. Kushoto hukaa Edmond, mwalimu mstaafu, ambaye jina lake la pale ni Virgule, yaani alama ya mkato, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Katikati hukaa Jéthro, fundi wa simu, anayeitwa Antena, kwa sababu habari zote humfikia yeye kwanza, na nyingine humfikia hata kabla hazijatokea. Mwisho wa kulia hukaa Kasonia, seremala, aliyeitengeneza benchi hiyo. Zamani walimwita Papa Siméon, kwa jina la mwanawe. Tangu mazishi ya mwaka jana hakuna aliyethubutu kulitaja jina hilo, wala hakuna aliyempa jingine.

Asubuhi hiyo alifika mtu akisukuma baiskeli. Umri wake ulikuwa kama miaka thelathini, na tope lilimfika magotini. Magurudumu ya baiskeli yalikuwa manene, yenye meno kama ya trekta.

— Bonjour ba papa. Bonjour mama. Miye naitwa Ilunga. Niko greffier ku tribunal, karani wa mahakama. Kwetu ni Likasi. Balinituma Beni mwaka moja, sasa niko hapa mwezi wa pili.

— Karibu, mon fils, Mama Berthe akasema. Kahawa?

— Ndiyo, mama. Na kama kuko mwenye anajua: natafuta njia ya kinga. Hapana ya lami. Ile ya kilimani, ya udongo, yenye kupanda na kushuka.

Huko baiskeli huitwa kinga, kwa hiyo neno lilieleweka. Kilichokosa kueleweka ni mengine yote.

— Unapeleka nini kule juu? Jéthro akauliza.

— Hapana kitu.

— Donc unaenda kuleta.

— Hapana, yaya, kaka yangu. Napanda, nashuka. Basi.

Edmond aliweka kikombe chini.

— Mupanda ngazi hushuka, akasema, lakini, hapana siku moja.

Jéthro aliinama akaitazama baiskeli kwa nyuma, kama mtu anayetazama simu iliyoanguka majini.

— Mutazame! Haina porte-bagages!

Kweli haikuwa na kibebeo. Hapo ndipo benchi nzima ilipoanza kumwonea Ilunga wasiwasi. Katika mji ule hakuna mtu anayepanda kilima mikono mitupu. Hata mama anayekwenda kumsalimia dada yake juu kilimani hujitwisha ndizi, na akirudi hujitwisha kuni. Ilunga alicheka, akaomba aoshe baiskeli yake kwenye bomba la ng'ambo ya barabara wakati kahawa ikichemka. Akavuka.

— Dhahabu, Antena akasema mara moja.

— Wapi dhahabu? Edmond akauliza.

— Ku mipira! Hamuone ile meno? Anapita mahali kuko udongo muzuri, udongo unashika. Akifika ku bomba, anaosha polepole. Mutazame mwenyewe. Dhahabu inabakia chini.

Walitazama. Ilunga alikuwa anaosha polepole.

— Antena, weye ni bongo tupu, Mama Berthe akasema. Ule mutoto amekimbia mwanamuke. Mutu akikimbia mwanamuke anapenda vilima.

— Hapana, Edmond akasema. Fikirini. Iko greffier. Tribunal imejaa ba procès, kesi za mashamba, hata mahali pa kukaa haiko. Sasa, anapanda na kinga, anahesabu pedali. Pedali moja, mita ine. Akifika juu, anajua kilima chote, na siku ya Kiyama, banakigawanya.

— Kiyama iko wapi pale, Virgule? Mama Berthe akasema.

— Mwenye macho haambiwi tazama.

— Hapana pedali! Jéthro sasa alikuwa amesimama. Miye nilisikia, na aliyeniambia hapana mutu wa kusema uongo. Kuko bazungu banataka kuweka kamba. Kamba ya chuma, kutoka ku kilima hii mpaka ku ingine, mpaka Kamango, mpaka Ouganda! Chukudu zetu za mbao zitapita hewani. Barrière, kizuizi ya basoda wenye bunduki, itakuwa chini, shiye tuko juu, tunabapungia mukono. Ule mutu anatafuta mahali pa kusimamisha miti.

— Na mvua? Mama Berthe akauliza.

— Mvua itapita chini ya kamba, mama.

Kasonia alikuwa anatazama Kavingu, kilima kilicho nyuma ya kiwanja chake, ng'ambo ya kijito. Juu kulikuwa na mikaratusi. Kutoka mikaratusi hadi chini kulikuwa na njia, nayo ilikuwa inaanza kufichwa na majani.

Njia hiyo ilichimbwa na Siméon. Alikuwa mtu wa chukudu, ile gari ya mbao ya magurudumu mawili ambayo mtu huisukuma kupanda na kuipanda kushuka. Alimteremshia baba yake mbao. Njia ya zamani ilikuwa imenyooka kama ukuta, na ilikuwa imevunja miguu ya watu wawili. Kwa hiyo Siméon akachukua jembe, na kwa misimu miwili ya kiangazi alikata kona kwenye mteremko, moja baada ya nyingine, kila moja akiiinua upande wa nje ili chukudu ilale lakini isiruke. «Papa,» alisema, «mbao zako zitashuka kama mutoto mugongoni.» Na zilishuka hivyo.

Kisha kakao ikapanda bei. Wenzake walikuwa wanakwenda kuvuna huko Oicha, naye akataka kwenda. Kasonia mwenyewe alimwekea mkono kichwani, akafanya ishara ya msalaba, akampa baraka. Wiki ya tatu watu walivamiwa shambani. Siméon alirudishwa kwenye lori. Sanduku Kasonia alilitengeneza mwenyewe.

Siku ya mazishi, jioni, alikata miti miwili ya karatusi akaikingamisha pale njia inapoanzia. Hakujua vizuri kwa nini. Alifikiri ataiacha siku moja, halafu watu watakaotaka kupita wataiondoa, kama watu wanavyoondoa kila kitu kinachowazuia. Hakuna aliyeiondoa. Kila asubuhi, akitoka Misa, alipita kuiangalia. Msimu mmoja wa mvua ulikwisha, na wa pili ulikuwa umeanza. Maji yalikuwa yanakula kona za chini. Msimu huu ukiisha, hakutakuwa na njia tena. Alimwambia Mungu jambo hilo mara nyingi. Watu hakuwaambia.

Ilunga alirudi na baiskeli inayong'aa. Kwa kuwa benchi ilikuwa imejaa, akageuza kasha la bia akaketi juu yake.

— Dhahabu ngapi? Jéthro akamwuliza.

— Yaya?

— Achana naye, Mama Berthe akasema, akampa kikombe. Mais weye, tuambie ukweli. Bule tu unapanda?

Ilunga alikunywa kidogo kabla ya kujibu.

— Mama, kule Likasi tulikuwa batu munane, na kinga zetu. Kila siku ya Mungu, Jumapili, kisha Misa, tunaenda ku vilima. Tunachoka, tunacheka, tunarudi nyumbani. Kisha balinituma Beni. Balinikataza, juu ya vita: hapana kutoka muji, hata kilometre mbili. Mwaka muzima kinga ilikuwa ku ukuta, ku chumba. Usiku nilikuwa nageuza tu pedali na mukono, juu nisikie ile sauti. Siku zote ni dossier, makaratasi ya tribunal, na munajua dossier za kule ni za namna gani. Nikiandika majina ya batu balikufa mpaka saa kumi, miye naenda wapi?

Antena alikaa.

— Njo maana nilikuja kwenu, Ilunga akaendelea. Motard wa pikipiki anajua lami tu. Ku bureau, ku kazi, hawajue. Nilisema, benchi itajua.

— Tafuta njia ya mwongo, Edmond akamshauri kwa upole. Ile, ni mufupi.

— Papa, hapana mufupi. Nataka murefu. Na nilishaiona moja.

— Wapi?

— Juzi nilikuwa ku kilima ya ng'ambo. Nikaona njia inashuka hii yenu ya mikaratusi. Iko na kona, na ingine, na ingine. Mwenye aliichimba iko na akili sana. Kule Likasi tulijaribu kutengeneza ya namna ile, hatukuweza. Nikazunguka mpaka chini, nikakuta miti mbili imefunga. Sikupita. Kwetu, miti ikifunga njia, unauliza kwanza. Ile njia iko ya nani?

Jéthro alitoa simu mfukoni akaanza kuifuta kioo. Edmond alitafuta methali, midomo ikitembea, asiipate. Mama Berthe alikaza kifuniko cha chupa ya kahawa ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

Kasonia aliona kwamba wote wanahofu atakasirika. Akasema polepole, kama kawaida yake.

— Iko ya mutoto wangu. Alikufa.

— Pole, papa. Sikujua.

— Miti, ni miye niliweka. Nilisema itakaa siku moja. Nilisema, batu batahitaji kupita, bataondoa. Hakuna mutu aliondoa. Nikajua basi. Kazi yake hapana mutu anaihitaji. Bamemusahau.

— Kumusahau!

Mama Berthe alisema kwa sauti kubwa hata wapita njia wakageuka.

— Papa Kasonia, kila siku ya soko miye nazunguka na ndizi zangu ku barabara kubwa. Saa muzima! Na hii magoti yangu! Juu ya nini? Juu ya kuheshimu ile miti yako. Shiye tulisema, mwenye matanga njo anafungua. Tulikuwa tunakungojea weye!

— Mama yangu anakaa kule juu, Jéthro akasema bila kuinua kichwa. Zamani nilikuwa nafika dakika kumi. Sasa naenda kumuona mara moja ku mwezi. Nililipa motard, sikukuambia.

Kasonia aliwatazama mmoja mmoja. Mwaka mzima alikuwa amekaa nao hapa, bega kwa bega, kila mmoja akilinda kitu ambacho mwenzake alitaka kiondolewe.

— Mugeni njoo, Edmond akasema hatimaye, mwenyeji, apone.

Kwa mara ya kwanza methali yake ilikaa mahali pake, na hakuna aliyetaka kumshtua kwa kumwambia.

Ilunga alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Aliuliza kama mtu anayeuliza tu, kwa kupenda kujua:

— Papa, iko na kona ngapi?

Edmond alimtazama Jéthro. Jéthro alimtazama Mama Berthe.

— Kumi, Jéthro akasema. Ao kumi na mbili.

— Zinapita kumi na tano, Mama Berthe akasema. Hapana. Miye nilikuwa nashuka nikiongea, sikuhesabu.

Wote wakamgeukia Kasonia. Naye hakujua. Yeye alikuwa anangojea mbao chini, na kipimo chake mkononi, akisikia chukudu ikija na sauti ya mwanawe ikipiga kelele za furaha kwenye mteremko. Hakuwahi hata mara moja kupanda kuitazama ile kazi yote. Siméon alimwita mara nyingi. Siku zote kulikuwa na meza ya mtu ya kumaliza.

— Sijue, akasema.

Mama Berthe aliinamisha chupa juu ya kikombe chake. Lilitoka tone moja.

— Kahawa imeisha.

Kasonia alisimama, akafanya ishara ya msalaba, akachukua jembe lake ukutani.

— Unaenda wapi, Papa Siméon?

Jina lilikuwa limemponyoka. Mama Berthe alijifunika mdomo kwa kiganja. Kasonia akaitika kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

— Naenda kuhesabu, mama. Kona za chini zimejaa tope, tutazibua kwanza. Greffier, unajua jembe?

— Najua, papa.

Mama Berthe alitoa kamba ya mpira aliyofungia mafungu ya mboga. Wakalifunga jembe la Kasonia kwenye baiskeli, kando ya chuma cha kati, na jembe la Jéthro upande wa pili. Edmond alitingisha kichwa kwa kuridhika.

— Sasa, inapanda, na muzigo.

— Munaona? Jéthro akapaza sauti walipokuwa wamekwisha ondoka. Majembe! Nilisema iko dhahabu!

Kasonia alisikia, hakugeuka. Ilunga hakupanda baiskeli. Aliisukuma kando yake, akifuata mwendo wake. Pale njia inapoanzia, mzee alinyanyua mti wa kwanza, kisha wa pili, akailaza yote miwili kwenye majani. Walipanda wakigawanya nyasi kwa miguu, mpaka njia ilipogeuka kushoto, na upande wa nje ukawa umeinuliwa kwa mkono, umepigwa kwa mgongo wa jembe, bado imara chini ya tope. Ilikuwa kona ya kwanza kwa anayepanda, na ya mwisho kwa aliyeichimba.

Kasonia aliikanyaga kwa mguu wa kulia.

— Moja, akasema.