Chupa ya Uji wa Goodness

Kijiwe chetu kipo mita mia mbili kutoka zahanati, pale malori ya kwenda Zambia yanapopanga foleni, na wenye kazi hutupita tukijadili namna ya kuendesha dunia. Mimi wananiita Digrii, kwa kunicheka: miaka minne nje ya chuo, utafiti uliopata A kuhusu ushiriki wa wanaume katika uzazi, ajira sifuri. Asubuhi ile Samwel, mbadilisha kwacha, alipita na chupa ya uji. Mkewe Goodness alikuwa leba, mimba ya kwanza. Mkunga alimruhusu atembee, anywe, achuchumae akitaka, na awe na mtu mmoja wa kumsugua mgongo. Goodness alimtaja mumewe. Miguu ya Samwel ikafika kwetu, ikagoma.

— Jamani, kweli mwanaume anaingia leba?

— Kaa kwanza, mwanangu, alisema Breki, yaani Amri, dereva wa lori anayesubiri kuvuka mpaka tangu Jumatatu. Haraka haraka haina baraka.

— Mkunga kasema nisichelewe.

— Kuzaa ni kama semi kupanda mlima. Ukimkodolea dereva, anakosa gia. Mtoto akikuona, anarudi.

— Anarudi wapi? nikauliza.

— Yadi.

Osea, tunayemwita Askofu kwa kuwa aliwahi kuimba kwaya, akapuliza kahawa yake.

— Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe ndiye mzazi. Basi ujulie hapa hapa.

— Nakonde, ng'ambo ya mpaka, kuna dereva aliingia leba, akaongeza Breki. Mpaka leo hawezi kupiga rivasi.

Tulicheka. Samwel akanigeukia.

— Digrii, wewe umesomea. Niende?

Niliandika kurasa sabini na mbili kwamba mwanamke mwenye mtu wake karibu hupungukiwa na hofu. Evidence, references, everything. Lakini kicheko kilikuwa bado kitamu, sikutaka kuwa wa kukikata.

— Context matters, nikasema. Soma mazingira kwanza.

Akakaa.

Kahawa ikaisha, muuzaji akabeba birika lake akaondoka. Breki akafungua ile chupa, aonje tu. Kikombe kikazunguka. Ulezi na karanga. Nilikunywa na mimi. Cha mwisho alikunywa Samwel mwenyewe.

Ndipo akatokea kati ya malori Atuganile, dada yake Goodness, aliyefika muda huo kutoka Isansa. Alipitia zahanati kwanza.

— Shemeji, amejifungua. Wa kike. Wazima wote.

— Si nilisema? Breki akapiga makofi.

Atuganile hakumtazama.

— Mkunga anasema alishika chuma cha kitanda. Mlango ukilia, anageuza shingo. Wakawa wanamwambia anakuja, kaenda kuleta uji.

Samwel akainamisha kichwa.

— Yameisha hayo, shemeji, akasema Atuganile. Sasa hivi ana njaa. Uji uko wapi?

Foleni ikasogea. Nyuma ya lori la Breki walipiga honi, wakapiga tena, na Breki hakuinuka.