Kwa Nini Bibi Severina Hakulala Nyumba ya Bati

Wewe uliyeshika karatasi hii, najua na wewe umesema. Tangu juzi mnanong'ona hapa msibani: "Wajukuu wana magari, halafu bibi yao wanamlaza kwenye kibanda cha udongo, na nyumba ya bati ipo tupu hapo mbele." Wengine mlinuna jana mafiga yalipohamishwa wali ukiwa motoni. Basi punguzeni maneno, msome. Hata sisi wa humu ndani mpaka jana tulikuwa hatujui.

Bibi Severina Nyenza alizaliwa tarehe 14 Agosti 1934, hapahapa Igowole, mtoto wa pili kati ya wanne. Alisoma shule ya misheni mpaka darasa la pili, mwaka 1945, akatolewa akalee wadogo zake. Barua alisoma kwa kidole, neno moja moja, na ole wako umharakishe. Kazi yake ilikuwa jembe: viazi, maharage, na miaka ile pareto. Aliacha kulima mwaka juzi tu, na aliacha kwa kugombana.

Tarehe 26 Septemba 1953 alifunga ndoa na Liberatus Kihwele, kijana aliyekuwa amerudi kutoka kukata mkonge Tanga. Jumbe aliwapa eneo hili pembeni ya kijiji, wakati huo ni majani matupu. Liberatus alikuwa na nyumba yake kichwani tayari: madirisha makubwa manne, baraza mbele, bati juu. Kiangazi chote cha 1954 walijenga wawili. Mume alipiga matofali, mke akachota maji mtoni na kukanyaga udongo. Mabati ishirini na nne yalitoka barabara kuu yakiwa kichwani kwa watu. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya bati upande huu, na watu walikuwa wanakuja kuligonga bati tu wasikie linavyolia.

Sheria ilikuwa moja. Ndani hakuna moto.

"Moshi utalitia weusi bati langu," alisema Liberatus. "Jiko liko nje, kama Tanga."

Tarehe 2 Mei 1955 Severina alijifungua mtoto wake wa kwanza, Silvester. Mwezi wa sita baridi ikaingia. Mnaijua baridi ya Igowole, asubuhi majani yanakuwa meupe. Majirani kwenye nyumba zao za nyasi walilala wamezunguka moto. Kwenye nyumba ya bati pumzi za watu zilipanda juu, zikagusa bati la baridi, alfajiri zikarudi chini matone matone mpaka kwenye nguo za mtoto.

"Baba Silvester, mtoto anakohoa. Niwashe moto, hata pale kona."

"Watoto wa Tanga wanalala uchi, na hawafi."

"Tanga kuna jua."

"Mfunike vizuri."

Alimfunika. Alimfunika kwa kanga zake zote, na koti la mumewe juu. Silvester alifariki asubuhi ya tarehe 11 Julai 1955, akiwa na siku sabini.

Liberatus hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeona nyumba nzuri mahali pa joto akaileta mahali pa baridi. Lakini hata baada ya msiba hakuruhusu moto, labda kwa sababu angeruhusu angekuwa amekubali kitu ambacho hakuweza kukikubali.

Februari 1957 Severina alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mumewe akaenda Iringa mjini mwezi mzima kutafuta kibarua cha uashi. Hapo ndipo Severina akamwita mdogo wake, Evarista. Walikata miti, wakafunga fito, wakakandika udongo, wakaezeka nyasi. Mlango mmoja, dirisha hakuna hata moja, moto katikati. Siku kumi na nne, mvua inanyesha, tumbo mbele.

Liberatus alirudi akakuta nyumba ya bati imefungwa na nyuma yake moshi unatoka. Alisimama na mzigo wake begani.

"Nani kajenga banda la mbuzi kwangu?"

"Mimi," alijibu Severina kutoka ndani. "Na mbuzi mwenyewe ndiye mimi."

"Watu watasema nimeshindwa kukutunza."

"Tulipomzika Silvester walisema nini?"

Liberatus alibeba mzigo wake akaufungua mlango wa nyumba ya bati. Alilala peke yake kwenye bati mpaka Joachim alipozaliwa, mwezi wa sita. Asubuhi moja ya baridi akaja kibandani na kigoda na blanketi lake.

"Nimekuja kuota moto tu."

"Funga mlango, baridi inaingia."

Aliota moto huo miaka arobaini na moja, mpaka alipofariki mwaka 1998. Nyumba ya bati ikawa ya wageni na mahindi. Sisi tulimletea bibi kitanda kipya, saruji, hata vigae, aingie nyumba kubwa. Alikataa, tukamwita mshamba. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Bibi hakuugua. Jumapili tarehe 7 Julai 2024 alirudi misa ya kwanza, akakaa motoni akipukuchua mahindi. Alimwomba mjukuu wake asogeze kuni. Mjukuu alipogeuka, gunzi lilikuwa limeanguka na bibi ameinama. Mpaka sasa tunaongea naye kama yupo.

Jana, Jumatatu, tulikuwa tunamsomea Bibi Evarista wasifu huu ili atusahihishe tarehe. Tukafika kwenye "alijaliwa watoto sita."

"Sita?" akasema. "Na Silvester?"

"Silvester gani, bibi?"

Akanyoosha mkono kuelekea dirisha la mwisho la nyumba ya bati, pale chini ya upenu, ambapo bibi hakuwahi kuruhusu mtu apande hata mchicha.

"Huyo hapo. Mnampikia juu."

Baba Joachim, mwanaume wa miaka sitini na saba, alikaa chini kwenye vumbi. Ndipo Bibi Evarista akatusimulia haya yote mliyoyasoma hapo juu. Ndiyo maana mafiga yalihamishwa. Ndiyo maana bibi yuko kibandani: ndiyo nyumba aliyojijengea ili watoto wake wasife, na hakuna aliyefia humo akiwa mtoto.

Marehemu ameacha mdogo wake Evarista, watoto watano, wajukuu ishirini na mmoja na vitukuu kumi na wanne. Binti yake Esta alimtangulia mwaka 2009. Bibi, pumzika sasa kwa amani, na huko uliko upate joto.

Na wewe unayesoma, tuna ombi moja. Leo utarudi kwako, na utaulizwa marehemu alizaa watoto wangapi. Tafadhali usiseme sita. Sema saba, na wa kwanza mtaje jina.